Punje Nyeupe kwenye Filamu

Mkunazini, Unguja
4 Machi 2006

Mama mdogo Hamda,

Assalaam alaykum. Jambo hili sijapata kumwambia mtu, na nimeliandika kwa penseli kwanza ili nikiingiwa na khofu nilifute. Nilimsomea Mama barua ya hospitali, na nilimsomea uongo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi kusema. Simu ni ya Mama, na ukipiga sauti yako inasikika mpaka jikoni. Barua hii anaichukua Bwana Gharib, anayekuja Maskati na embe za watu. Ukijibu, tafadhali itie barua ndani ya kitabu, kama vile unavyoniletea vitabu siku zote. Vitabu vyangu hakuna anayevifungua.

Mwezi wa Januari Mama alikuta kitu kifuani, upande wa kushoto, alipokuwa anajipima kanzu aliyoishona. Kikubwa kama punje ya kunde, kigumu, hakiumi. Daktari wa hapa akamwandikia aende Dar akapigwe picha ya eksirei. Baba yuko kazini hotelini Paje, hurudi Alkhamisi tu, kwa hiyo Mama nilikwenda naye mimi, maana mimi ndiye ninayejua Kiingereza. Baada ya siku tisa bahasha ilitufikia kwa boti. Ilikuwa na filamu nne na karatasi moja.

Tuliifungua Ijumaa baada ya chakula. Bibi alikuwepo, na Bi Sichana wa mlango wa pili alikuwepo, bado ana sahani mkononi.

"Haya msomi wetu," Bi Sichana akasema, "tusomee hicho Kizungu. Au miwani umevaa kwa pambo?"

Bibi akasema, "Mwache mtoto asome kwa nafasi yake. Bi Sichana, wewe tafuna."

Nikasoma kimya mpaka mwisho. Mama alikuwa amekunja mikono mapajani, na kidole gumba kimoja kinasugua kingine. Akaniuliza, "Wanasemaje, Nadra?"

Nikasema, "Hawajaona kitu."

Bibi akashukuru kwa sauti, Bi Sichana akapiga kigelegele na wali mdomoni, na Mama akaniangalia nikaona uso wake umelegea kwa mara ya kwanza tangu Januari. Baada ya hapo nikashindwa kurudi nyuma.

Karatasi inasema kwamba nyama ya kifua chake ni nzito, kwa hiyo picha haisomeki vizuri, na kwamba zimeonekana punje nyeupe upande wa kushoto na picha irudiwe.

Wakati wa Idi uliniambia katika simu kwamba hospitali yenu imepata mashine mpya, picha inatokea kwenye kompyuta na si kwenye filamu. Nimesoma kidogo kuhusu mashine hizo kwenye duka la intaneti. Nnataka kukuuliza hivi: mashine yenu ingeona kile ambacho filamu ya Dar haikuona? Kama ni hivyo, basi pengine uongo wangu haujaharibu kitu, kwa sababu picha yenyewe haikuwa na faida.

Mwanao,
Nadra

*

Maskati
15 Machi 2006

Mwanangu Nadra,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Sikugombezi leo. Siku ya kukugombeza itafika.

Kwanza, acha kuandika "kifua". Kifua anacho hata baba yako. Ni titi, na mimi nayapiga picha matiti ishirini na zaidi kila siku ya kazi. Ukilionea haya neno hutaweza kunisaidia.

Punje nyeupe zimenitia khofu, lazima nikwambie kweli. Punje za chokaa inayojijenga ndani ya titi zikijikusanya mahali pamoja zinaweza kuwa alama ya saratani iliyo changa. Ikiwa zimetawanyika huku na huku, aghlabu si kitu. Kwa hivyo nnataka kujua: zimekusanyika au zimetawanyika? Ziko juu karibu na kwapa, au katikati? Nyeupe sana kama chumvi, au zimefifia?

Chukua filamu saa sita mchana, jua likiwa kali, uziinue dhidi ya dirisha. Shika pembeni, usiguse katikati, alama ya kidole haitoki. Chora unachokiona kwenye karatasi ya hesabu yenye miraba, uniletee.

Na ninakilie karatasi yote ya Kiingereza. Yote, neno kwa neno. Umenipa sentensi mbili tu, na mimi najua barua za namna hii, hazina sentensi mbili.

Ama swali lako. Miale ni ile ile, mashine zote mbili zinaubana mwili vile vile na kuumiza vile vile. Tofauti ni pale picha inapokaa. Filamu ikishasafishwa imeshasafishwa: ikitoka nyeupe mno, itabaki nyeupe mno mpaka Kiyama. Yangu iko kwenye kompyuta, naweza kuitia giza, kuimulika, kuikuza kipande kimoja. Titi la mwanamke ambaye bado ana siku zake huwa na nyama nzito inayotoka nyeupe, na saratani nayo hutoka nyeupe. Ni kutafuta kipande cha pamba juu ya shuka jeupe. Mwaka jana walichapisha Amerika utafiti wa wanawake karibu elfu hamsini, kila mmoja kapigwa kwa mashine zote mbili. Ukiwachukua wote kwa jumla, hakuna iliyoshinda. Lakini kwa walio chini ya miaka hamsini, na wenye nyama nzito, ya kompyuta iliona zaidi.

Dada yangu ana miaka arubaini na nne.

Mwambie kweli wiki hii. Usingoje barua yangu nyingine.

Hamda

*

Mkunazini
25 Machi 2006

Mama mdogo,

Sijamwambia. Nilijaribu Jumapili. Nilikaa karibu na cherehani yake, nikasema, "Mama," akasema, "Naam," nikasema, "Uzi umekatika." Na kweli ulikuwa umekatika, lakini hilo silo nililotaka kusema.

Mchoro ni huu. Nilizihesabu punje mara mbili. Ziko thelathini na moja upande wa kushoto, na kumi na tisa upande wa kulia. Karatasi ya Dar haikutaja hesabu. Zimejipanga karibu na kwapa, kwenye mikunjo, kama mchanga unavyobaki kwenye mikunjo ya shuka. Ni nyeupe sana, nyeupe kuliko kitu kingine chote kwenye filamu. Ile kunde ya Mama sikuiona popote, hata nilipotumia kioo cha kukuzia cha Bibi. Nilitafuta mpaka shingo ikauma.

Kuna jambo la pili, na ndilo linalonifanya nisiweze kumwangalia Mama. Kabla ya kwenda Dar tulipewa karatasi ya maelekezo, ya Kiingereza pia. Niliitia ndani ya kitabu changu na nikaisoma tuko kwenye boti, tumeshafika nusu ya njia. Iliandikwa: asubuhi ya picha usijipake poda, wala mafuta, wala manukato, kifuani wala makwapani.

Mama alikuwa ameamka alfajiri akaoga mara mbili. Alisema, "Watu wageni wataniona uchi, angalau wasiseme watu wa Unguja wananuka." Akajipaka liwa, akajifukiza udi, akajimiminia poda makwapani na chini ya matiti mpaka ikadondoka sakafuni. Mimi ndiye niliyempaka mgongoni.

Tulipofika hospitali pale mlangoni palikuwa na bomba la maji. Ningeweza kumwambia, "Mama, kajioshe." Lakini alikuwepo mwanamme mmoja amekaa kwenye benchi pamoja nasi, na nikaona haya kutamka kwapa mbele yake. Nilifikiri poda ni kitu kidogo. Mpiga picha akamuuliza kwa haraka kama kajipaka kitu, Mama akasema, "Nimeoga," na mimi nikanyamaza.

Karatasi ya majibu nimeinakili hapa chini. Utaona wameandika kwamba punje huenda zikawa ni poda juu ya ngozi.

Nadra

*

Maskati
8 Aprili 2006

Nadra,

Ni poda. Nimeuweka mchoro wako mbele ya daktari wangu wa picha, naye kasema hivyo hivyo kabla sijamaliza kueleza. Punje za kwapani, kwenye mikunjo, pande zote mbili, nyeupe kuliko mfupa: huo ni mkebe wa poda. Hapa tunawapa wanawake kitambaa chenye maji kabla hawajaingia, na bado kila wiki yuko mmoja anayenifichia udi na liwa. Mama yako si wa kwanza. Mwenye kosa la kunyamaza ni wewe, lakini kosa hilo linaoshwa kwa sabuni.

Sasa nisikilize vizuri. Poda haikuwa ugonjwa, ilikuwa pazia. Ikiondoka, kunde bado ipo. Katika nakala yako sentensi ya mwisho umeikata katikati, "na kama uvimbe unashikika", halafu ukatia nukta. Sentensi haishii hapo. Ninajua kinachofuata.

Nimefikiri sana jinsi ya kufanya. Dada yangu Dalal nnamjua, akisikia "daktari wa upasuaji" atafunga mlango na kusema ameshapona. Kwa hivyo nimeomba viza yake. Nitamwambia nimemkumbuka, aje mwezi mmoja anishonee mapazia. Akishafika nitampiga picha kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mashine yangu, ngozi safi. Hapo tutakuwa na picha ya kuaminika, na mimi nitamwambia yote ana kwa ana. Hutahitaji kusema kitu.

Usimweleze bado, basi. Ningojee.

Hamda

*

Mkunazini
17 Aprili 2006

Mama mdogo mpenzi,

Alhamdulillah! Kumbe ni poda! Barua yako nimeisoma ndani ya kitabu cha jiografia wakati wa kipindi, nikacheka, mwalimu akaniuliza milima ya volkeno ina kichekesho gani.

Nimelala vizuri siku tatu. Nimeingia tena duka la intaneti na nimesoma utafiti ule wa Amerika wote, isipokuwa jedwali. Sasa nnaelewa kwamba tulifanya vyema kungoja. Filamu ya pili ya Dar ingekuwa na nyama nzito ile ile. Yako ndiyo itakayosema kweli.

Mama hajambo. Anashona nguo za harusi za watu wa Mlandege, anaimba.

Nadra wako

*

Mkunazini, Unguja
20 Mei 2006

Mdogo wangu Hamda,

Baada ya salamu, viza imefika, ahsante, lakini siji. Usinune. Nimeshika nguo za maharusi wawili, na bi harusi mmoja kanenepa tangu nimpime, kila wiki nafumua. Mapazia yako yapime, niletee vipimo, nitakushonea hapa hapa. Na tangu lini wewe ukapenda mapazia? Nyumba yako niliikuta na magazeti dirishani nilipokuja miaka mitatu nyuma.

Nnakujua, unataka kunitazama. Kile kitu changu kipo bado, sikufichi. Sasa kimekuwa kama kokwa ya tende. Na ngozi juu yake imeingia ndani kidogo, kama kishimo anachoacha mtu akibonyeza unga kwa kidole. Hakiumi. Sina khofu, kwa sababu Nadra aliisoma barua ya hospitali mwenyewe na hawakuona kitu. Ingekuwa kasoma mtu mwengine ningetia shaka, lakini mtoto yule akikuta kosa la koma kwenye gazeti haendi kulala. Nnajikanda kwa maji ya moto na kupaka liwa.

Yeye ndiye anayenitia wasiwasi. Kakonda. Nikimuuliza anasema mitihani. Mwandikie wewe, anakusikiliza.

Dada yako,
Dalal

*

Maskati
29 Mei 2006

Nadra,

Hii nimempa mtu anayeruka leo. Isome ukiwa peke yako, kisha usiwe peke yako tena.

Mama yako kaniandikia. Ngozi imeingia ndani. Jambo hilo halingoji viza, halingoji harusi, halingoji mimi.

Wiki iliyopita nilimpiga picha mwanamke wa miaka arubaini na mbili, kwa mashine hii hii niliyokusifia. Picha nzuri ajabu, unaona mpaka mishipa. Safi. Niliitazama mimi, akaitazama daktari wa picha, hatukuona kitu. Daktari wa upasuaji akamgusa kwa vidole viwili, akasema, "Hapa pana kitu," akamchoma sindano ya kuchukua chembe za kupimwa. Ni saratani. Mashine yangu ilipita juu yake.

Nimekaa nayo hiyo siku sita. Mwanangu, tumekuwa tukishindanisha filamu na kompyuta wakati mama yako anakishika kitu kwa mkono wake. Mashine zinamfaa yule ambaye hakuna anachokishika. Uvimbe ukishashikika, picha iwe ya filamu au ya kompyuta, iwe chafu au safi, haumwachii mtu ruhusa ya kukaa nyumbani. Anachomwa sindano. Hivyo ndivyo sentensi uliyoikata ilivyosema, na iliandikwa na mtu wa Dar aliyekuwa na filamu mbovu yenye poda, na alikuwa sawa.

Mimi nilijua. Nilijua tangu barua ya kwanza. Nilitaka niwe mimi nitakayemwona, kwa mashine yangu, kwa sababu niliogopa kumwambia kwa mbali na kwa sababu nnaringa nayo. Kosa hili tumelifanya wawili, na kubwa ni langu.

Msomee karatasi. Yote. Usingoje Baba arudi kutoka Paje. Kisha mpeleke hospitali kwa daktari wa upasuaji, hapo hapo Unguja, na mwambie aniite kwenye simu hata nikiwa kazini.

Hamda

*

Mkunazini
24 Juni 2006

Mama mdogo,

Kwenye simu ulisikia kilio tu na mambo nusu nusu, kwa hiyo nnakuandikia ilivyokuwa.

Barua yako niliipata Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi Bibi alikwenda kumtazama mgonjwa Malindi. Mama alikuwa kwenye cherehani, anatia lulu kwenye mkono wa gauni. Nilileta bahasha, nikaiweka juu ya gauni lenyewe, kwa sababu nilijua nikiiweka pembeni nitazungumzia uzi tena.

Nikamwambia, "Mama, barua ya hospitali sikuisoma sawa. Nnataka kuisoma tena."

Akasema, "Hukuisoma sawa vipi? Umekosea neno?"

"Sikukosea. Nilidanganya."

Akaondoa mguu kwenye pedeli. Nikasoma. Nilisoma sentensi moja kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, polepole. Nilipofika mwisho niliusoma mwisho wote: na kama uvimbe unashikika, mgonjwa aonwe na daktari wa upasuaji bila kuchelewa kwa ajili ya kuchomwa sindano, hata kama picha haikuonesha kitu.

"Rudia hapo," Mama akasema.

Nikarudia.

"Hiyo 'bila kuchelewa' wameandika wao, au unaitia wewe?"

"Wameandika wao."

"Na leo mwezi gani?"

"Wa sita, Mama."

Nilimweleza na habari ya poda, na mwanamme wa kwenye benchi, na mpango wako wa mapazia. Nilifikiri atanipiga. Ningependa angenipiga. Aliokota lulu zilizoanguka, moja moja, akazitia kwenye kikopo, akasema, "Miezi mitatu nnawatambia watu Darajani, binti yangu anasoma Kizungu kama maji. Kumbe maji yenyewe umenitilia kwenye jicho."

Nikaikunja karatasi, nikairudisha kwenye bahasha.

Kisha akasema, "Ulinionea huruma mimi au ulijionea wewe?"

Nikasema, "Mimi."

"Haya. Angalau leo umesema kweli mara mbili." Akasimama, akatafuta buibui. "Na huyo Hamda wako mwambie mapazia ashonewe na mashine yake."

Samahani, lakini ndivyo alivyosema.

Jumatatu tulikuwa hospitali saa moja asubuhi. Daktari anaitwa Pandu, mzee kidogo, mpole. Nilikaa nje kama kawaida. Mama akatoa kichwa mlangoni akaniita mbele ya watu wote: "Nadra, ingia. Safari hii utasikia kila neno kwa masikio yako na mimi kwa yangu." Daktari alitazama filamu za Dar kwa nusu dakika, akaziweka chini, akanawa mikono. Alimgusa Mama kwa vidole kwa muda mrefu kuliko alivyotazama picha. Kwapani pia alimgusa. Alisema kwapani hakusikia kitu, na hilo ni jema. Alimchoma sindano siku ile ile. Mama aliushika mkono wangu, na nilitazama sindano mpaka ikatoka.

Majibu yalikuja Jumanne ya wiki iliyopita. Daktari Pandu alimwambia Mama mwenyewe, kwa Kiswahili. Ni saratani. Uvimbe una urefu wa sentimita mbili na nusu. Nilimuuliza kama miezi mitatu ingeleta tofauti. Alinitazama, akamtazama Mama, akasema, "Sijui, binti yangu. Na yeyote atakayekwambia anajua, usimwamini." Mama akasema, "Usimuulize hivyo tena." Sijui alimwambia nani, mimi au daktari.

Operesheni ni Jumanne, tarehe ishirini na saba, Dar. Baba ataondoka Paje Jumatatu atukute huko. Mama hazungumzi nami sana. Jana aliniambia nimtilie uzi kwenye sindano kwa sababu macho yamemchoka, nikautia, akasema ahsante. Bi Sichana alikuja na sahani ya kachori, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

Sijui atakuwaje. Nimesoma takwimu na nimeziacha, kwa sababu kila nikizisoma namtafuta Mama ndani yake na simpati.

Leo asubuhi nilikwenda nyumbani kwa mwalimu mkuu nikaomba ruhusa ya wiki mbili. Aliniuliza sababu nikamwambia. Nilirudi nyumbani nikampigia yule bi harusi wa Mlandege, nikamwambia gauni lake litamalizwa na Bi Sichana, naye anajua kushona, akapiga kelele, nikamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikapiga pasi kanga tatu za Mama na kanzu mbili zinazofunguka mbele, nikazikunja begini, nikaenda bandarini nikakata tiketi mbili za boti ya kesho saa moja.

Nadra